Sitaichomoa Waya Hii

Doha
Jumatano, 11 Desemba 2024

Kwa Baba mpendwa,

Salamu sana kutoka huku kwenye mchanga. Mimi mzima, na yale mafua yaliyonishika wiki jana yameondoka yenyewe. Nyinyi mko aje? Goti la mama limekubali dawa ya kuchua au bado linamkatalia ngazi? Najua ukiweka simu sikioni unasikia tu mvumo wa zile feni za kiwanda cha chai zilizokuharibia masikio, kwa hivyo nitaendelea kukuandikia barua humu humu kwenye simu, nawe soma polepole ukiwa na kikombe mkononi.

Utacheka nikikuambia kwamba Doha kuna baridi. Si ile ya Githongo ya kumfanya mtu atoe moshi mdomoni akisalimia. Lakini Desemba ikifika upepo unashuka asubuhi na jioni, na nyumba za huku zimejengwa kupigana na jua. Chini ni vigae vitupu. Aliyezichora alikuwa anafikiria mwezi wa saba peke yake.

Leo nimetumwa Al Wukair, nje kidogo ya mji, kwenye kampaundi ya nyumba kubwa zilizokatwakatwa na kupangishwa vipande vipande. Unakumbuka nilikuambia kwamba mimi na Shamira, yule Mganda wa Mbale, ndio mafundi wanawake wawili tu katika kampuni nzima. Tunatumwa mahali ambapo mama yuko peke yake na hataki fundi mwanamume aingie. Basi mlango ulifunguliwa na Mkenya mwenzetu. Anaitwa Charity, ni nesi, kwao Kakamega. Alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba, na ndani ya koti, kifuani, kulikuwa na mtoto.

Mtoto ni Tiffany. Alizaliwa kabla ya wakati wake na ametoka hospitali juzi juzi. Daktari amesema chumba chake kisiwe cha baridi, maana mwili wake bado haujui kujipasha. Charity alinunua hita ndogo ya umeme, lakini kila akiiwasha umeme wa nyumba unakatika, na msimamizi wa kampaundi akaja kuichukua.

Sasa, AC yao ni ile ya kazi mbili. Wakati wa jua inapoza. Baridi ikija unabonyeza alama ya jua kwenye rimoti na inaleta joto. Charity amebonyeza hilo jua mpaka rangi imefutika. Mashine inawaka. Ile ya nje inaunguruma kama posho mill inayosaga mahindi. Ya ndani inapumua kidogo kidogo kama mtu anayeogopa kuamsha wageni. Joto hakuna. Baada ya muda inajizima, halafu inaanza tena, na bado hakuna.

Wanaume wa kampuni yetu wamekuja kabla yangu, zaidi ya mara moja, wakaandika "mashine nzima" na kuondoka. Nimeangalia rimoti, iko sawa. Filta, safi. Nikashika paipu nene inayoingia ndani, ambayo wakati wa joto inapaswa kuunguza mkono. Ilikuwa baridi, inatoka jasho. Nilitaka kuifungua mashine ya nje, lakini iko juu ya banda la gari na ngazi ilikuwa na Douglas. Douglas ndiye msimamizi wetu, mtu wa Nakuru, amekaa huku miaka mingi. Nikampigia.

"Safisha filta, andika nzima, uje," akaniambia.

"Si nzima. Haileti joto."

"Gakii, hapa ni Doha. Nani anataka joto?"

Sikuandika nzima. Niliandika "haipashi". Charity amesema atalalamika tena na atataka nitumwe mimi mimi. Niliondoka mtoto akiwa bado ndani ya koti, Baba.

Msalimie mama.

Ni mimi binti yako,
Gakii


Githongo
14 Desemba 2024

Kwa Gakii,

Tumeipata barua yako. Mama yako ameisoma baada yangu, akaenda nayo jikoni akaisoma tena. Goti limepungua. Anasema nikuambie uvae soksi. Sisi wazima. Mvua imetuachia majani mengi ya chai na vidole vinauma kwa kuchuma.

Kuhusu hiyo mashine. Mimi nimekaa kiwandani kwenye chumba cha kunyausha majani nikitazama feni kuliko nilivyowatazama nyinyi watoto wangu. Kama moto uko na feni inazunguka na majani hayanyauki, joto halijapotea. Limeenda mahali ambapo hukulitaka. Sisi tulikuwa tunatembeza mkono mpaka tunalipata.

Lakini nisikilize. Wewe umetumwa na mtu. Ukiambiwa andika hivi, andika hivi. Hiyo kazi ya bisibisi sikukutuma mimi, ulijituma, na nilichosema siku ile ulipoenda kujiandikisha chuoni sitakirudia leo. Maliza mkataba wako urudi salama. Huyo mama mwambie amfunge mtoto vizuri. Hata hapa watoto wanafungwa vizuri na wanakua.

Baba yako,
Gerishon


Doha
Alhamisi, 19 Desemba 2024

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mwambie soksi ninazo, na kwamba niko mzima wa mwili. Wa moyo nitakueleza.

Baba, nimelipata.

Charity alilalamika kama alivyosema, nikatumwa tena, mimi na Shamira, na safari hii nilibeba ngazi yangu. Nilipanda juu ya banda la gari nikasimama mbele ya mashine ya nje, na ikanipulizia hewa ya moto usoni. Wakati wa kupasha nyumba, mashine ya nje inapaswa kutoa hewa baridi, kwa sababu kazi yake ni kuchota joto la nje na kulipeleka ndani. Hii ilikuwa inafanya kinyume. Ilikuwa inachota hata lile joto dogo la chumba cha Tiffany na kulimwaga jangwani. Nilikuwa nimepashwa mimi fundi kwenye paa, na mtoto yuko chini ndani ya koti.

Ndani ya mashine kuna vali inayogeuza njia ya gesi. Ukitaka joto, umeme kidogo unaipiga hiyo vali, gesi inageuka. Nikafungua kifuniko nione kama imekwama. Haikukwama. Waya yake ilikuwa imechomolewa, na ncha zimefungwa tepu nyeusi, kwa utaratibu, kama kidonda kilichofungwa na Charity mwenyewe. Nilikaa nikaiangalia. Waya inaweza kukatika. Inaweza kuliwa na panya. Lakini panya hafungi tepu.

Nikaitoa tepu, nikairudisha waya mahali pake, nikamwambia Charity awashe. Kukatokea ule mlio wa vali kugeuka, kama mtu anayeshusha pumzi, na paipu nene ikaanza kupata moto mkononi mwangu. Nilipoingia ndani Charity alikuwa amesimama chini ya AC ameinua uso. Alifungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akamlaza Tiffany kitandani, na mtoto akanyoosha mikono yake miwili kana kwamba alikuwa hajui kwamba anayo.

Jirani akasikia, akaniita. Kwake pia haipashi. Nikapanda, tepu nyeusi. Nyumba ya tatu, tepu nyeusi. Nikazirudisha waya zote tatu, ndipo nikampigia Douglas. Alikuja mwenyewe, na hakushangaa hata kidogo.

"Ni amri ya mwenye kampaundi," akasema. "Umeme uko ndani ya kodi. Kila mtu akiwasha joto miezi mitatu, analipa yeye."

"Kwa hivyo mmekuwa mkiwaambia mashine ni nzima."

"Mashine ni nzima. Inapoza."

"Mtoto wa huyu mama amezaliwa kabla ya miezi yake, Douglas."

"Nimemwona. Nina watoto pia." Hakuniangalia akisema hivyo. "Panda uchomoe, tuende nyumbani."

"Sitaichomoa."

"Gakii, usinifanye nipande mimi."

"Basi usipande."

Aliweka mguu mmoja kwenye ngazi. Charity alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na nguo zake za kazi, mikono kifuani. Shamira alikuwa ameshika ngazi upande mmoja na hakuiachilia. Douglas akatoa mguu. Akasema basi nikaongee na mudir, yaani bosi mkubwa.

Nimeongea naye leo. Amenipa mpaka Jumapili nirudi Al Wukair nizichomoe zote tatu na kuomba radhi. Nisipofanya hivyo, wataandika kwamba nimeharibu mashine za watu. Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia nitafanya.

Nakuandikia si kwa kuuliza, Baba. Nakuandikia ujue.

Binti yako,
Gakii


Githongo
20 Desemba 2024

Kwa Gakii,

Sisi wazima.

Nimesoma. Mama yako amelala mapema, sijamwonyesha.

Nyumba ni ya mwenye nyumba. Waya ni yake, vali ni yake, hata hiyo tepu ni yake. Wewe uliitwa kutengeneza, hukuitwa kuhukumu. Umewasaidia, vizuri, Mungu amekuona. Sasa nenda kwa huyo Douglas uombe msamaha. Msamaha ni maneno tu, hayamtoi mtu damu. Uko nchi ya watu, huna mjomba huko, huna chifu, huna kanisa la kukimbilia usiku. Wakikufunga mimi nitapanda nini kuja kukutoa?

Ulikuwa hivi tangu mdogo. Ulikataa kushuka juu ya paa la jikoni mpaka mvua ilipokushusha.

Omba msamaha, Gakii.

Baba yako


Githongo
23 Januari 2025

Kwa binti yangu Gakii,

Nakuandikia tena bila kungoja jibu, maana jibu halikuja. Krismasi imepita. Mwaka Mpya umepita. Mama yako kila jioni ananiuliza simu imelia, na mimi hata ikilia siisikii, kwa hivyo anaishika yeye. Sisi wazima kwa mwili. Natumai na wewe uko hai na unakula.

Jana alikuja Tom. Yule wakala wa Makutano aliyekutafutia hiyo kazi. Alinifuata kituoni, tukiwa kwenye foleni ya kupimiwa majani, vikapu vimejaa na karani anaandika polepole kama kawaida. Amevaa viatu vya ngozi kwenye tope. Akanishika kiwiko akataka tusogee kando.

"Mzee Gerishon, nina neno la faragha."

"La nani?"

"La faragha, mzee."

"Paza sauti, kijana. Haya masikio yalibaki kiwandani."

Unajua nasikia kidogo mtu akinisogelea upande wa kulia. Yeye alisimama kushoto, na mimi sikugeuka. Ikabidi apaze. Akasema kampuni yako imempigia. Kwamba umesimamishwa kazi tangu kabla ya Krismasi, unakaa tu chumbani. Kwamba kuna kompresa, pampu ya AC ya nyumba fulani, imeungua na wanasema ni wewe. Wanataka utie sahihi kwamba uliiharibu, wakupe tiketi urudi kimya kimya. Ukikataa, wataandika umetoroka kazi. Akaniomba nikuandikie utie sahihi, kwa sababu mzazi akisema mtoto anasikia.

Nikamuuliza, "Aliiharibu?"

Akatazama viatu vyake. Akasema kitu kidogo.

"Sijasikia."

"Nimesema sijui, mzee. Lakini si jambo kubwa. Ni sahihi tu."

"Ngoja nielewe, maana mimi ni mzee. Unataka nimwambie binti yangu akubali kosa ambalo wewe mwenyewe hujui kama alilifanya."

"Ndiyo," akasema, na kwa kuwa alikuwa ameshazoea kupaza, hiyo ndiyo yake aliipaza mpaka karani akaacha kuandika.

Kituo kizima kilitugeukia. Unajua kituo chetu, hata wakati wa maombi watu wanaendelea na yao. Mama Melissa ndiye aliyeweka kikapu chake chini. Melissa wake alikuwa asafiri mwezi ujao kupitia huyo huyo Tom. Akamwendea polepole akamuuliza, "Na wangu utakuja kuniambia atie sahihi ya nini?" Tom akaanza kueleza. Mama Melissa akamwambia hataki maelezo, anataka pasipoti ya mtoto wake, na anaitaka kabla ya majani yake kupimwa. Watu wakatengeneza mduara bila kuambiana. Hakuna aliyemgusa. Tom alienda kwenye gari akarudi nayo mkononi.

Mimi nilimwambia neno moja tu alipokuwa anaondoka. Nilimwambia, "Rudi uwaambie kwamba mzee hasikii."

Sasa nakuambia wewe. Bado naona ulikuwa na haraka. Ungeunganisha waya ya mtoto kwanza, ukanyamaza, hizo nyingine ukangoja. Hilo nitakuambia mpaka nife. Lakini nilikuambia uombe msamaha kwa ulichofanya, na hawa wanataka uombe msamaha kwa ambacho hukufanya. Hayo ni mambo mawili na mimi si mjinga.

Usitie sahihi.

Mama yako amesoma zote, hata ile ya Desemba niliyoificha. Hajaongea nami tangu asubuhi. Tuandikie, hata mstari mmoja.

Baba yako anayekungoja,
Gerishon


Doha
Jumatatu, 27 Januari 2025

Kwa Baba na Mama,

Niko hai na ninakula. Salamu kwenu wote wawili, na kwa Mama Melissa salamu zake peke yake.

Baba, sikukujibu kwa sababu nilikasirika. Nilisoma "omba msamaha" nikaiweka simu chini ya godoro, na siku zilivyoenda ikawa vigumu zaidi kuandika, kwa sababu habari zilikuwa mbaya na sikutaka useme ulinionya. Hiyo ndiyo kweli yake. Barua ya juzi nimemsomea Shamira, na tulipofika pale pa "mzee hasikii" alicheka mpaka akakaa chini.

Sikuomba radhi ile Jumapili. Jumatatu nilipoamka jina langu halikuwa kwenye gari lolote. Nikaambiwa nikae chumbani. Kila siku asubuhi Douglas alikuja mlangoni kuniuliza kama nimefikiria, na kila siku nilimwambia nimefikiria sana. Siku moja alisema, "Unadhani mimi napenda hii?" Nikamwambia sijui anapenda nini, lakini najua alichofanya. Hakurudi tena kuuliza. Walimtuma mwingine.

Al Wukair nako hakukulala. Siku chache kabla ya Krismasi Douglas alienda na wanaume wawili na ngazi kuzichomoa zile waya. Charity aliwaona kutoka dirishani. Alitoa kiti cha plastiki, akakiweka chini ya banda la gari pale pale ambapo ngazi ingesimama, akakaa. Wakamwambia asogee. Akasema anaota jua. Jirani yake, mama wa Kifilipino, akaona, akatoa kiti chake. Wa nyumba ya tatu akatoa. Halafu hata wale ambao mashine zao bado zilikuwa na tepu wakatoka na viti, maana Shamira alikuwa amewaonyesha jinsi ya kujua: simama nyuma ya mashine ya nje ukiwa umewasha joto, ikikupulizia moto, umeibiwa. Charity anasema walikaa hapo wakimenya viazi na kunyonyesha na kupiga simu makwao, na Douglas alizunguka kampaundi yote akitafuta mahali pa kuegemeza ngazi akakosa. Akaenda. Kesho yake viti vilikuwa pale pale. Walipeana zamu.

Hapo ndipo ile hadithi ya kompresa ilipoanza. Wanasema iliungua kwa sababu yangu, katika nyumba ambayo sijawahi kuingia. Nilipoletewa ile karatasi ya kutia sahihi niliwarudishia bila kalamu. Nikaenda mwenyewe kwenye ofisi ya malalamiko ya wafanyakazi. Nilikaa kwenye benchi na watu wa nchi zote, kila mtu na bahasha yake. Nilikuwa naogopa, Baba. Nilivaa yunifomu ili wajue mimi ni fundi.

Tulikaa kikao Alhamisi iliyopita, siku ile ile uliyoniandikia. Mudir alileta mtu wa kumsemea, na Douglas aje aseme kwamba aliniona nikiiharibu. Mama wa ofisi aliyekuwa anatusikiliza akamuuliza Douglas, kwa Kiingereza cha polepole, aliniona wapi. Akasema Al Wukair. Nyumba ipi. Akataja namba. Akamuuliza tena, una hakika. Shamira hakuwa ameitwa kusema, lakini alisimama akasema siku ile nzima alikuwa ameshika ngazi yangu na haikuwahi kugusa nyumba hiyo. Nilimvuta nguo akae, kwa sababu yeye ana watoto watatu Mbale. Akautoa mkono wangu.

Kisha yule mama akauliza swali moja tu. Hizo waya za vali, nani alizifunga tepu?

Mudir alimtazama Douglas. Mtu wa kumsemea alimtazama Douglas. Na Douglas, Baba, akasema, "Mimi. Niliambiwa." Hakusema na nani, lakini katika chumba kile hakukuwa na watu wengi wa kumwambia.

Kosa la kompresa limefutwa. Hilo la kutoroka pia. Lakini kazi hawajanirudishia. Wamesema mkataba umekwisha kwa maelewano, mshahara wangu niupate wote, na tiketi ya Nairobi ya tarehe nane mwezi ujao. Shamira hawajamgusa bado, ila wamemhamisha apige deki ofisini. Mwenye kampaundi ameona ameshindwa na joto la watu, kwa hivyo ameamua kila nyumba iwekewe mita yake na kila mtu alipe umeme wake. Wengine kule wamemnunia Charity. Mmoja alimwambia usoni kwamba kidomodomo chake kimewaletea bili. Charity alimjibu kwamba heri alipe joto alipate, kuliko kulipa kodi ya baridi. Tiffany ameongezeka, mashavu yamejaa. Ametoka kwenye koti kabisa.

Mimi niko kwake sasa, nalala sebuleni. Siku hizi huku mtu anaruhusiwa kuhamia mwajiri mwingine bila kumpigia magoti wa kwanza. Nimeenda hoteli moja Al Sadd kuulizia kazi ya ufundi. Bwana aliyenihoji alisoma karatasi zangu, akaniuliza kwa nini niliondoka kule. Nilikuwa nimeandaa jibu la heshima. Lakini nilimwambia, niliambiwa niharibu mashine nzima nikakataa. Aliniangalia, akafunga faili, akasema watanipigia. Sijui ni kupigia kwa kweli au ni kule kwa kumtoa mtu mlangoni. Hawajapiga.

Kwa hivyo tiketi ninayo, na kazi sina. Charity anasema nibaki. Shamira anasema nibaki. Moyo wangu unasema nibaki, lakini ni moyo ule ule wa juu ya paa la jikoni. Safari hii, Baba, nauliza.

Binti yenu,
Gakii


Githongo
29 Januari 2025

Kwa binti yetu Gakii,

Barua imefika na imesomwa kwa sauti, na mama yako, mbele ya watu, maana Mama Melissa alikuwa amekuja na hakutaka kuondoka mpaka ifike mwisho. Sisi wazima. Goti linapanda ngazi sasa. Msalimie Charity na umbebe huyo mtoto kwa niaba yetu. Shamira mwambie ana nyumba Githongo.

Melissa alikuwa amekaa kwenye kigoda akisikiliza. Barua ilipoisha akasema hataki tena kwenda kufanya kazi za nyumba huko nje. Anataka kwanza asome ile kozi uliyosoma wewe, ya friji na AC. Mama yake akanigeukia mimi, kwa sababu anajua nilivyosema juu yako, kwamba hiyo si kazi ya msichana, kijiji kizima kikasikia. Alikuwa anangoja nimkataze. Nilikunywa chai yangu.

Umeniuliza, nami nitakujibu. Mama yako anataka uje. Ameshapanga kitanda, ameshaweka kuku mmoja kando. Ukija tutafurahi na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Lakini mtu anarudi kwao kwa sababu amemaliza, au amechoka, au amewakumbuka watu wake. Harudi kwa sababu mwenye kosa amemnunulia nauli. Hiyo hoteli kama haitapiga, kuna nyingine. Kama zote hazitapiga, utatuambia, na tutauza majani tukutumie nauli ambayo ni yetu.

Tiketi yao waipande wenyewe.

Baba yako,
Gerishon